Sanduku la Shangazi na Simu Iliyojaa

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam kuna chumba ambacho mlango wake haufunguki wote. Nyuma yake yamepangwa madumu, godoro lililokunjwa, feni iliyokatika panga, kisimbuzi kilichokufa, katoni la vyombo vya kaure vilivyotolewa zawadi harusini na ambavyo hakuna aliyewahi kuvitumia kula, na sanduku la bati lenye kufuli. Kila mwaka wenye nyumba husema watakisafisha sikukuu ikikaribia. Na mikononi mwa watu hao hao kuna simu ambayo kila ukitaka kupiga picha inakuambia nafasi imejaa.

Kwamba vitu vimezidi, hakuna anayebisha. Ugomvi ni nani apunguze, lini, na kinachotolewa kiende wapi. Nimewakalisha watu wanne kwenye baraza moja huko Magomeni wabishane: shangazi mwenye nyumba, mpwa wake anayeishi chumba na sebule Sinza, mama anayeuza mitumba Karume, na fundi simu wa Kariakoo. Nami nitaingia kati pale nitakapoona hoja inapita bila kushikwa.

MPWA: Shikamoo, shangazi. Leo nitasema bila kuzunguka.

SHANGAZI: Marahaba, mwanangu. Sema.

MPWA: Chumba cha nyuma kimekuwa ghala. Kuna Mjapani anaitwa Marie Kondo, kitabu chake kilitoka kwao mwaka 2010, na mwaka 2019 kipindi chake kikaonyeshwa Netflix. Anasema usisafishe chumba kwa chumba. Kusanya vitu vya aina moja mahali pamoja: nguo zote kwanza, kisha vitabu, kisha makaratasi, kisha vikorokoro, na vyenye kumbukumbu viwe vya mwisho. Shika kimoja kimoja mkononi ujiulize kama kinakupa furaha. Kisichokupa, kishukuru, kiage, kitoke.

SHANGAZI: Dumu halijawahi kunipa furaha. Lakini Oktoba 2022, maji ya mto Ruvu yalipopungua na mji ukaingia kwenye mgao, ulikuja hapa na bajaji kuazima madumu haya haya. Ningekuwa nimeyaaga, ungechotea nini?

MPWA: Sikatai. Lakini manne au matano yanatosha. Haya yamefika dari, na mengine yamepasuka chini. Halafu lipo jambo hulioni, shangazi, kwa sababu kitambaa hukishiki wewe. Kabati la kioo, vitambaa vya kufuma juu ya kila kochi, hotpoti za wageni ambao hawaji, vyote vinafutwa vumbi na binti wa kazi kabla hajanywa chai. Wewe unatunza, mtoto wa watu anasugua.

Hapa namuunga mkono mpwa kwa moyo wote. Wanaosifia nyumba nadhifu huzungumza juu ya vitu na mwenye navyo, na anayeinama na ufagio hawamtaji. Hata Kondo mwenyewe, mwanzoni mwa 2023, alieleza kwamba tangu apate mtoto wa tatu nyumba yake haiko kama zamani, na kwamba muda anaona bora aupeleke kwa wanawe. Aliyeufundisha ulimwengu kupanga soksi amekiri kwamba unadhifu unakula saa za mtu. Katika nyumba zetu saa hizo huwa ni za binti mwenye mshahara mdogo kuliko wote waliomo ndani. Kama hakuna sababu nyingine ya kupunguza, hiyo peke yake inatosha.

SHANGAZI: Hapo umenishika, na kabati la kioo tutalizungumza. Lakini usiniambie kwamba nyumba hii haikujua kupunguza mpaka aje Mjapani. Lete hilo sanduku. Shika kanga hii ya juu. Unaisikia ilivyo ngumu? Ina wanga bado, haijakatwa, ni doti nzima. Hiyo ni ya kutokea: harusini, msibani, kumtazama mzazi. Sasa shika ya katikati. Mji umefifia, pindo limebaki. Hiyo ni ya kushindia. Ikilainika zaidi inakuwa mbeleko, na ndiyo ya kumpokelea mtoto mchanga, maana ngozi yake haitaki kanga mpya. Ikichanika unaikata nepi. Nepi ikichoka inashika sufuria jikoni, na mwisho kabisa inadeki. Mimi sikukaa hata siku moja nikaiuliza kanga kama itoke au ibaki. Ilijitoa yenyewe, hatua kwa hatua, na kila hatua ilikuwa na kazi.

MPWA: Na hizi ngumu zilizojaa humu, ambazo hazijatokewa hata mara moja?

SHANGAZI: Hizo si zangu zote. Hii ni sare ya harusi ya mdogo wako. Hii niliifungiwa siku tulipomaliza msiba wa mama yako mkubwa. Hii nilinunua nikampe mtu, tukagombana kabla sijampa. Ukizitupa hizi unanitupia watu.

Shangazi ameeleza jambo ambalo vitabu vya kupunguza vitu havina. Vitu vya zamani vilikuwa vinachakaa, na kuchakaa huko kulikuwa ndiyo mchujo. Nguo ya kutokea ilishuka ikawa ya kushindia, ikashuka ikawa ya shamba, ikaishia tambara. Chungu kikipasuka kilipandwa mchaichai. Vitu vilivyotujaza siku hizi havina ngazi hiyo. Kisimbuzi kilichoungua hakishuki kuwa kitu kingine, chaja haiwi tambara, ndoo ya plastiki ikipasuka inabaki plastiki iliyopasuka kwa miaka mingi kuliko aliyeinunua. Kwa hiyo mtu akisema wazee walilimbikiza na sisi tunajua kupunguza, naona amegeuza mambo. Wao walikuwa na vitu vinavyokubali kuisha, sisi tunavyo visivyokubali.

MAMA WA MITUMBA: Mimi nimenyamaza, lakini hilo neno la Mjapani limenigusa. Dada, ukisema kitu "kitoke", unakipeleka wapi?

MPWA: Nakigawa. Nakipeleka kwa wenye shida.

MAMA WA MITUMBA: Ndivyo wanavyosema huko Ulaya na Marekani pia. Belo tunalinunua limebanwa kwa mikanda, hatufungui kwanza. Unaona maandishi tu: blauzi, mashati, nguo za watoto. Umekopa kwenye kikoba, unalipa, unabeba, unakata mkanda, ndipo unaijua bahati yako. Zamani ulitoa koti la kuvaa miaka kumi. Siku hizi natoa blauzi yenye lebo ya bei bado inaning'inia, haijavaliwa, na kitambaa chake ni kama ganda la kitunguu. Ukiifua mara mbili mshono unaachia. Yule mwenye nayo aliishika, akaona haina furaha, akaiaga, akabaki na kabati jeupe. Kuaga kwake nimekulipia mimi. Na zile ambazo hata kwa bei ya mwisho jioni hazinunuliwi, zinaenda dampo la Pugu Kinyamwezi pamoja na maganda ya ndizi.

Jambo hili limeshafika hata mezani kwa marais. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuwanyima nafuu ya ushuru ya mpango wake wa AGOA. Wengine wakalegeza, Rwanda ikashikilia ushuru wake, na mwaka 2018 ikasimamishiwa haki ya kuuza nguo Marekani bila ushuru. Sisemi mitumba ifungwe kesho, kwa sababu mama huyu anasomeshea watoto. Nasema tu kwamba nyumba yoyote ikiwa nyeupe, kuna mahali pengine pamepokea ilichokitoa.

MPWA: Basi nisigawe?

MAMA WA MITUMBA: Gawa, ila kwa jina la mtu. Sare ya shule mpe mtoto unayekijua kimo chake. Sufuria mpe binti anayeanza kupanga chumba. Ukifunga mfuko mmoja ukasema "wenye shida", umehamisha takataka tu.

FUNDI: Mama zangu, mimi naomba tutoke kwenye kabati tuje kwenye droo. Kila nyumba ina droo yenye simu zilizokufa, chaja zisizojulikana za nini, na laini za zamani. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za vifaa vya umeme vilivyotupwa, na chini ya robo ndiyo iliyokusanywa na kurejelewa kwa utaratibu. Sehemu ya mzigo huo imelala kwenye droo kama yako, shangazi. Kwangu simu iliyokufa haijafa yote: spika yake inafaa, mota ya mtetemo, soketi ya chaji, wakati mwingine na kioo. Leteni. Ila betri iliyovimba msikae nayo hata usiku mmoja zaidi karibu na nguo, msiitoboe, msiibane ili kava lifunge. Ikishika moto haina subira.

SHANGAZI: Na laini?

FUNDI: Laini usiyoitumia muda mrefu hufungwa, kisha namba ile ile huuzwa kwa mtu mwingine. Kama barua pepe yako au benki bado inatuma namba za uthibitisho huko, zinamfikia mgeni. Kabla hujaiacha namba, iondoe kila ulikoiandikisha. Huko ndiko kusafisha kunakosahaulika.

MPWA: Afadhali tumefika kwenye simu. Shangazi, yako imejaa "asubuhi njema". Waridi, njiwa, kikombe cha chai chenye mvuke. Kila kundi linakutumia: la ukoo, la kikoba, la madrasa, la kamati ya harusi ambayo ilishapita na maharusi wana mtoto.

FUNDI: Anasema kweli. Watu huniletea simu wakitaka memori kubwa. Ninafungua mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi, na humo programu yenyewe imeshakupangia: hizi zimesambazwa mara nyingi, hizi zinazidi MB 5. Video moja ya mahubiri unaikuta mara sita kwa sababu imepita makundi sita. Ukizima upakuaji wa kiotomatiki, simu inapumua. Tatizo kubwa huwa si nafasi, mama. Wewe hutaki mtu afute.

SHANGAZI: Sitaki. Kaka yangu, baba wa huyu, aliniachia ujumbe wa sauti siku chache kabla hajafariki. Ananiuliza kama nimepata dawa, kisha anacheka. Umo humu ndani, sijui wapi. Akianza mtu kufuta njiwa na waridi, nitajuaje kama hakufuta na ule?

Baraza zima lilinyamaza hapo, na mimi nadhani hapo ndipo penye kiini cha mjadala huu. Kanga ingejichuja. Ujumbe wa sauti haujichuji: haufifii, haupauki, hautofautishwi na tangazo la kuuza viwanja Kibaha. Ndani ya simu, kicheko cha marehemu na waridi la asubuhi njema vina hadhi moja, vimepangwa kwa tarehe tu. Mwenye simu anajua kuna kimoja kisichopaswa kupotea, hajui kilipo, basi anavilinda vyote. Naiheshimu hofu hiyo kikamilifu. Lakini ndiyo itakayokipoteza alichotaka kukilinda, kwa sababu simu huanguka, huibiwa, huloa, na hakuna anayeweza kuokoa kitu alichoshindwa kukitafuta ikiwa nzima.

FUNDI: Tusifute kitu leo, mama. Tutafute kwanza. Fungua mazungumzo yako na marehemu, tupande mpaka wiki ile. Huu hapa. Sasa uwekee nyota, utume kwa mpwa wako na kwa mtu mwingine mmoja, tuutoe nje ya WhatsApp tuuhifadhi kama faili lenye jina lake na tarehe. Ukiwa sehemu tatu, ndipo utanipa ruhusa ya njiwa.

SHANGAZI: Ngoja kwanza niusikilize.

FUNDI: Usikilize, mama, hatuna haraka. Na wewe dada, nikuonye, kwa sababu vijana ndio hufuta kwa pupa. Kama picha zako zinahifadhiwa Google, ukiifuta moja kwa programu ya Google Photos kwenye simu, inafutika na kule juu. Inakaa kwenye pipa, siku 60 kama ilikuwa imehifadhiwa kule, 30 kama haikuwa, halafu basi. Wengi walijaza wakidhani nafasi haina mwisho, lakini tangu tarehe 1 Juni 2021 picha zinahesabiwa kwenye zile GB 15 za bure, pamoja na barua pepe. Zikijaa, hata barua ya kuitwa kazini haiingii.

MPWA: Mimi simu ya baba ndiyo iliyonifundisha. Baada ya arobaini tuligawa nguo zake, kila mtu akapata shati, viatu vilikwenda kwa mdogo wake. Ilichukua asubuhi moja. Simu yake mpaka leo ipo, ina namba ya siri, hakuna anayeijua. Picha zetu zote za utotoni alizipiga upya kutoka kwenye albamu, na albamu ikaliwa na mchwa.

FUNDI: Watu huniambia, fundi, ichomoe chipu. Simu za siku hizi data yake imesimbwa. Bila namba ya siri, ukichomoa chipu umechomoa herufi zisizosomeka.

Desturi zetu zina utaratibu wa kuyaondoa mavazi ya marehemu. Ndugu hukutana, tanga huanuliwa, vitu hugawiwa mbele ya macho, na machozi yaliyobaki hutoka siku hiyo. Kwa simu hatujaweka utaratibu wowote. Pesa iliyomo kwenye laini inaweza kufuatwa, kwa hati ya msimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, ingawa ni safari ndefu kwa salio dogo. Picha na sauti ndizo zinazopotelea hewani, wakati kampuni zenyewe zimeshaweka mlango: Google tangu 2013 inakuruhusu kutaja mtu atakayepokea vitu vyako akaunti ikikaa kimya, Facebook tangu 2015, Apple tangu mwishoni mwa 2021. Ni wachache sana wanaogusa kitufe hicho. Na Desemba 2023 Google ilianza kufuta akaunti zisizoguswa kwa miaka miwili, kwa hiyo ukimya wa marehemu una tarehe ya mwisho.

MPWA: Ndiyo maana nasema tupunguze sasa, shangazi, ukiwa mzima. Mama mmoja wa Uswidi, Margareta Magnusson, alitoa kitabu mwaka 2017 juu ya desturi ya kwao: mtu akikaribia uzee anapunguza vitu vyake mwenyewe, ili watoto wasije wakalia huku wanabeba makatoni. Nilikuwa naogopa kukitaja, usije ukaona nakutakia kifo.

SHANGAZI: Kifo hakisubiri utaje. Bibi yangu aliiweka sanda yake chini ya sanduku hili hili miaka na miaka, na mtoto yeyote wa nyumba ile ukimwamsha usiku angekuambia iko upande gani. Kinachoniudhi ni wewe kuja na mfuko mweusi. Niliyempa kitu kwa mkono wangu, nikiwa na akili zangu, hiyo ni hiba, hakuna wa kumdai. Nikifa, ni mirathi, mtaanza kuhesabu mafungu na kununiana kwa ajili ya sahani. Kwa hiyo nitatoa. Lakini nitatoa mimi, na nikitoa nitasema.

MPWA: Useme nini?

SHANGAZI: Kila kanga na habari yake. Ya nani, siku gani, kwa nini haikutokewa. Wewe utakaa hapo na hiyo simu yako urekodi.

FUNDI: Fupi fupi, mama, na kila moja ipewe jina. Ukirekodi saa tatu mfululizo hakuna atakayesikiliza, tutakuwa tumejaza sanduku lingine.

SHANGAZI: Sawa, baba. Madumu mabovu yatoke leo, na hizo betri zako. Vyombo vya kaure vitoke kabatini, tulie wali Ijumaa. Vikivunjika vimevunjikia kazini. Kisha kanga, moja moja, mpaka nichoke. Makaratasi sitaki mtu ayaguse bila mimi: hati ya nyumba imo, na risiti za duka la marehemu mume wangu zimo.

MPWA: Risiti zile za mashine zimeshafutika, shangazi, ni karatasi tupu. Risiti kama zile hupigwa picha zikiwa mpya, maana sheria ya kodi inataka mfanyabiashara atunze kumbukumbu miaka mitano, na maandishi yake hayafiki huko.

SHANGAZI: Basi hizo tupu zichomwe. Umeona, nami najua kutupa. Sasa nikuulize wewe unayenifundisha. Simu yako ikifungwa leo, Mungu apishe mbali, nani anajua pa kuanzia?

MPWA: Namba ya siri haitakiwi kumpa mtu.

FUNDI: Ya pesa, usimpe mtu kabisa, hiyo ina mahakama yake. Ya kufungulia simu ni nyingine. Ukiogopa kuiandika, ingia kwenye mipangilio ya akaunti umtaje mtu. Dakika kumi zinatosha.

SHANGAZI: Umemtaja nani?

MPWA: Sijamtaja mtu.

SHANGAZI: Basi sanduku langu lifungwe kwanza. Kaa hapa karibu na fundi, tuanze na wewe.